Tajiri, Endesha Kwanza Bajaji Yako

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa tatu, nasoma uhasibu, na nina bajaji. Sisemi hivyo kwa kujidai. Nasema kwa sababu najua hapa chuoni siko peke yangu. Tuko wengi wenye bodaboda, bajaji au guta huko kwetu. Tumemkabidhi ndugu au kijana wa kijiweni, na kila jioni tunasubiri meseji ya hesabu tukiwa geto. Wengine ndio kwanza wanabana bumu ili wanunue cha kwao. Makala hii nawaandikia ninyi, na najiandikia mwenyewe pia.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Kama una chombo cha matairi matatu barabarani, na hujawahi kukiendesha mwenyewe kwenye barabara ileile, ukiwa na abiria walewale, ukitafuta hesabu ileile uliyoipanga, basi huna haki ya kupanga hesabu. Na dereva wako akipinduka kwenye kona, usikimbilie kusema alikuwa anaendesha kama yuko kwenye mashindano. Jiulize kwanza ni nani aliyemtuma akimbie.

Mimi nilijifunza hilo kwa mkono wa binamu yangu uliovunjika.

Ndoto ya spoti

Mwaka wa kwanza, mshkaji mmoja wa chumbani kwetu alinionyesha video ya Polaris Slingshot. Kama huijui, ni chombo cha spoti cha Kimarekani kilichoingia sokoni 2014: matairi mawili mbele, moja nyuma, hakina paa, dereva na abiria wamekaa chini kabisa kama wako kwenye mkeka. Nikachanganyikiwa. Usiku ule nikaangalia na nyingine. Nikaona Can-Am Spyder ya Kanada ya 2007. Nikaona Morgan ya Uingereza, ambayo mwanzilishi wake alitengeneza ya kwanza ya matairi matatu 1909, ikaja kupotea miaka ya hamsini, halafu kampuni ikairudisha 2011 kwa sababu watu bado waliitamani. Kumbe hata lile gari la Karl Benz la 1886, ambalo vitabu vingi vinaliita babu wa magari yote, lilikuwa na matairi matatu.

Nikajiambia, mbona sisi Masasi matairi matatu tunayo tele?

Nikaanza kubana bumu. Nikauza chaja na vocha hosteli, likizo nikafanya kazi dukani kwa mtu. Nikafikisha milioni 1 na laki 6. Nikaenda kwa mjomba. Kwetu Wamakonde, mjomba ni mtu mzito. Kuna mambo humwambii baba kabla hujamwambia yeye. Mjomba alikuwa ameshalipwa fedha za korosho za msimu ule. Alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili, akaniongezea milioni 3 na laki 4. Sharti lake lilikuwa moja: dereva awe mwanawe, yaani binamu yangu, ambaye alimaliza kidato cha nne, akawa anafanya deiwaka kwenye bajaji za watu.

Tukanunua bajaji iliyotumika kwa milioni 5. Leseni binamu alikuwa nayo. Bima tukakata, kibali cha LATRA tukafuata. Kwa upande wa makaratasi tulikuwa safi.

Halafu mimi nikaifanya spoti. Nikamwambia fundi anyanyue springi za nyuma ili isimame kibabe. Nikafunga spika mbili kubwa nyuma ya kiti na taa za rangi pembeni. Juu ya paa nikaweka keria ya chuma, iwe ya urembo na ya kubebea mizigo. Mbele, kulia na kushoto kwa dereva, nikaongeza vipande viwili vya kiti. Nikabandika stika ya jina. Vijana wa kijiweni wakaishangilia. Binamu akaniita "tajiri" kwa mara ya kwanza, kwa utani, na mimi nikacheka. Baadaye ule utani uliisha, jina likabaki.

Hesabu

Tulianza na 15,000 kwa siku. Baada ya kuipamba nikapandisha hadi 18,000. Hoja yangu ilikuwa kwamba chombo kikipendeza kinavuta vichwa, kwa hiyo hesabu lazima ipande. Nilikuwa na karatasi ya mahesabu na nilijiona msomi kweli.

Kila usiku saa mbili fedha iliingia kwenye simu. Isipoingia, nilituma meseji. Nimezihifadhi mpaka leo, na nikizisoma nasikia vibaya. "Vipi leo?" "Mbona pungufu?" "Hesabu ni hesabu, ndugu yangu." Sikutukana hata siku moja, na nilijihesabu kuwa bosi mpole. Tairi likipasuka, siku ile ya fundi nayo niliidai, ikawa kiporo cha kulipwa kesho.

Mwezi wa sita, tukiwa kwenye mitihani, binamu alikuwa na viporo vya siku mbili. Nilimwambia mchana nataka viishe jioni ile. Akapata mama mmoja mwenye mizigo anayekwenda Newala, akamkodi. Bajaji si chombo cha safari ile, lakini viporo ni viporo. Akapanda mlima, akamfikisha yule mama salama, akageuka bila abiria, anawahi vichwa vya jioni Masasi.

Kwa wasiopajua: Masasi iko chini, imezungukwa na milima ya mawe iliyosimama mmojammoja kama imepandwa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kutoka huko juu kuja Masasi kuna kushuka, na kwenye kushuka kuna kona.

Saa moja na nusu usiku simu yake ilinipigia, lakini sauti haikuwa yake. Mzee mmoja akaniambia bajaji imepinduka, kijana ameumia mkono, wanamtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Nikauliza, "Bajaji imeharibika sana?"

Yule mzee alinyamaza kidogo. Akasema, "Wewe ndiye mwenye bajaji? Haya. Kijana yuko hai."

Sijawahi kusikia neno "haya" likinichoma vile. Swali langu lile lilifika kwa mjomba kabla yangu. Nilipompigia nikasema, "Shikamoo mjomba." Akaitika, "Marahaba." Nikaanza kujieleza. Akanikatiza: "Bajaji ipo kwa fundi. Likizo ukija, utaendesha wewe. Hesabu ileile. Usiku utaniletea mimi."

Nilivyokuwa dereva

Nilikata leseni, nikafundishwa na binamu mwenyewe akiwa amefungwa plasta, amekaa nyuma. Nikaendesha kuanzia katikati ya mwezi wa saba mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nilijifunza mambo mawili, na yote mawili ningeweza kuyajua hapahapa chuoni kama ningetaka.

La kwanza ni la chombo chenyewe. Kila niliyekuwa nikimwonyesha picha ya Slingshot nilimwambia "hii ni kaka yake na bajaji." Hapana. Kurudi chuo, jirani yangu wa hosteli anayesoma uhandisi alinichorea kwenye karatasi. Chora pembetatu inayounganisha matairi matatu. Halafu weka nukta mahali ambapo uzito wote wa chombo unakutania. Chombo kitasimama maadamu nguvu zote zinazokisukuma zinaangukia ndani ya pembetatu. Ukikata kona, kuna nguvu inakirusha kwenda nje. Ukishika breki, kuna nguvu inakisukuma kwenda mbele. Ukishika breki ndani ya kona, vyote viwili vinaungana, chombo kinasukumwa kwa mshazari, mbele na pembeni kwa pamoja.

Slingshot, Spyder na Morgan zina matairi mawili mbele. Kule mshazari unakoelekea wanakuta tairi limewasubiri. Tena uzito wao uko chini, dereva amekaa karibu na lami. Bajaji ina tairi moja mbele na mawili nyuma. Mshazari ule unaelekea mahali ambapo hakuna tairi. Pembeni ya lile tairi la mbele ni hewa tupu. Waingereza nao walikuwa na gari la namna hiyo, Reliant Robin ya 1973, tairi moja mbele, na sifa yake ya kupinduka imebaki kuwa kichekesho kwao mpaka leo.

Na kasi? Ile nguvu ya kukurusha nje haipandi sawasawa na spidi. Kona ileile, ukitoka spidi 20 ukafika 40, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ukifika 60 inakuwa mara tisa. Huyu ndiye anayemshangaza dereva: alipita hapo jana kwa 35 vizuri tu, leo anapita kwa 45 anajikuta amelala.

Sasa rudi kwenye urembo wangu. Kunyanyua springi kulipandisha uzito juu. Keria ya paa, na madumu ya maji ambayo watu wa Newala huyahitaji sana kiangazi, yaliupandisha juu zaidi. Vile vipande viwili vya kiti pale mbele ndiyo balaa kubwa: vinaweka mtu kwenye ncha nyembamba ya pembetatu, tena pembeni. Watu hudhani bajaji inakuwa hatari ikijaa nyuma tu. Kumbe abiria watatu waliokaa kwenye kiti chao cha nyuma wanaurudisha uzito kwenye upande mpana. Yule anayening'inia kando ya dereva ndiye anayeuvuta kwenye upande mwembamba. Na bajaji isiyo na mtu nyuma, dereva peke yake mbele, ikishuka mlima kwa haraka na kushikwa breki kwenye kona, ni mwepesi wa kulala kuliko inavyoonekana.

Hivyo ndivyo binamu alivyopinduka. Hakuwa na muziki, hakuwa anamkimbiza mtu. Alikuwa peke yake, anashuka, anawahi, akashtukia kona, akashika breki.

Sijui kama mchoro ule ulinifurahisha au ulinitia hasira. Kila kitu nilichokiita spoti kilikuwa kimeitoa bajaji kwenye uspoti. Chombo cha spoti kinashushwa chini na kutanuliwa. Mimi nilikuwa nimekipandisha juu na kukifinya.

Hesabu ya dereva

La pili nililojifunza ni la fedha, na hapo sikuhitaji jirani wa kunichorea. Ni uhasibu wangu mwenyewe.

Safari za karibu pale mjini kichwa kimoja nilikuwa natoza 500. Hesabu 18,000. Mafuta, kwa bajaji iliyochoka na kilomita nilizokuwa nazunguka, lita 5 kwa siku, karibu 15,000. Chai na chakula cha mchana 4,000. Jumla 37,000, na hapo mimi dereva bado sijapata hata senti ya kupeleka nyumbani. 37,000 ukigawa kwa 500 ni vichwa 74. Ukibeba watatu kama inavyotakiwa, hizo ni safari 25 zilizojaa. Siku nzima utoe safari 25 zilizojaa, ukirudi tupu huhesabu, ndipo ufike sifuri.

Ukiweka wawili mbele unabeba watano. Vichwa 74 vinakuwa safari 15.

Soma tena. Kutoka 25 hadi 15. Hakuna dereva mwenye akili ambaye ataziona namba hizi na asiweke mtu mbele. Mimi msomi, niliyekwisha kumwona binamu amefungwa plasta, siku ya nne tu nilimpandisha kijana mmoja kando yangu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nilikuwa na 9,000 mfukoni, na nilijua usiku naenda kwa mjomba. Nilimshusha mbele kidogo kwa sababu mikono ilinitetemeka. Lakini nilimpandisha.

Na spidi nayo ni hivyohivyo. Mtu wa nje anamwona dereva wa bajaji anapenya kushoto, anakata mbele ya basi, anasema vijana hawa wanapenda mashindano. Wapo wanaopenda, sikatai. Hata mimi asubuhi barabara ikiwa nyeupe, baridi ya mwezi wa saba inanipiga usoni, nilisikia raha ambayo sitaikana. Ila ile spidi ya saa moja jioni haina raha ndani yake. Ni mtu anakimbizana na 18,000.

Siku niliyokwenda kwa mjomba na 11,000 aliihesabu, akaikunja, akaniuliza, "Na hizi nyingine 7,000?" Nikamwambia leo hali ngumu. Akasema, "Hesabu ni hesabu." Hakucheka. Binamu alikuwa amekaa barazani, naye hakucheka. Ndipo nilipoelewa kwamba alishamsomesha baba yake zile meseji zangu zote.

Wanaopinga

Nimelizungumza hili na wenzangu hapa chuoni, na majibu yao nayajua.

Wa kwanza anasema, biashara ni biashara. Nikishusha hesabu dereva atakula faida yangu. Inawezekana. Lakini ndugu yangu, kama humwamini mtu kwa 6,000, umemwaminije kwa chombo cha milioni 5 na roho za abiria? Na kama unamwamini, mbona hesabu yako imepangwa kana kwamba ni mwizi?

Wa pili anasema, kuna sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, LATRA ipo tangu 2019 ilipochukua nafasi ya SUMATRA, trafiki wapo barabarani. Akizidisha abiria akamatwe yeye. Ni kweli, na akikamatwa ni yeye anayelipa, mara nyingi kutoka kwenye shilingi yake. Tajiri aliyepanga hesabu ambayo haipatikani bila kuvunja sheria hasimamishwi na trafiki hata siku moja. Yuko kwenye lekcha. Mimi nilikuwa huko.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Anasema, wewe una mjomba. Mimi bajaji yangu ndiyo inayonilipia ada, mama yangu anategemea hiyohiyo, nikishusha hesabu natoka chuo. Kwake sina jibu jepesi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hesabu yake imelipwa na mtu mwingine mwenye mama pia, na siku ikipinduka na abiria watatu ndani, ada itakuwa ndogo kati ya madeni yake. Aendeshe wiki moja tu wakati wa likizo. Aone namba yake inapatikanaje. Kama baada ya hapo bado ataona ni ya haki, mimi nitanyamaza.

Na wewe unayependa spoti, sikukatazi. Paka rangi, bandika stika, weka taa. Hata Ape ya Piaggio ya 1948, ambayo ndiyo ukoo wa hizi bajaji zetu, ilipewa jina la nyuki kwa Kiitaliano, kwa hiyo kuipa jina la madaha si dhambi. Ila usiguse springi, usiweke mzigo juu ya paa, usiongeze kiti mbele. Uwezo wa bajaji uko kwenye kupita pale gari lisipopita, kubeba mgonjwa usiku, kufikisha maji kwa bibi. Kwenye hayo haina mpinzani. Kwenye kona ina mpinzani, naye hajawahi kushindwa.

Tulivyo sasa

Mwisho wa likizo tulikaa watatu, mjomba, binamu na mimi. Tukaandika kwenye daftari. Hesabu ni 12,000. Jumapili hakuna hesabu. Siku ya fundi hakuna hesabu, na neno kiporo tumelifuta. Abiria ni watatu, nyuma. Vile viti vya mbele nilivifungua mwenyewe kwa spana, na keria nikaiuza kwa muuza vyuma chakavu. Springi zimerudishwa. Spika imebaki moja ndogo, kwa sababu binamu aliiomba. Deni la mjomba likiisha, bajaji inakuwa ya wawili, nusu yangu, nusu ya binamu.

Nimepiga mahesabu ya dereva upya. 12,000 na mafuta na chakula inakuja 31,000, ni vichwa 62, safari 21 zilizojaa. Bado ni nyingi. Sijadanganyika kwamba nimemaliza tatizo. Nimepunguza safari nne kwa siku, ndicho nilichopunguza. Kwa upande wangu simu iliyopasuka kioo nitaendelea nayo, na mjomba atamaliziwa fedha yake msimu mwingine wa korosho, kama bei itakuwa nzuri.

Siku ya kuja chuo binamu alinipeleka stendi. Mkono wake hainuki vizuri bado, akikata kona kushoto unamwona anavuta kwa bega. Kabla ya stendi kuna kona moja, si kali, hata mtoto angeipita. Akapunguza mpaka nikadhani bajaji imezima. Nyuma yetu bodaboda wakapiga honi. Mimi nilikaa nyuma, katikati ya kiti, mahali pa abiria, na sikumwambia awahi ingawa basi lilikuwa linawasha.

Tulipofika alinishushia begi, akasema, "Haya tajiri, safari njema."

Nikamwomba asiniite hivyo tena. Akasema atajaribu.